Kanga Juu ya Godoro

Saa tisa na robo usiku, Mtoni kwa Azizi Ali,
umeme ulirudi baada ya kukatika tangu magharibi.
Feni ikaanza kuzunguka, nikashukuru,
nikageukia ukutani.
Kumbe na simu nayo imepata umeme.

Haikulia. Ilikohoa tu, mara mbili,
kama mgeni asiyetaka kuamsha watoto.
Kisha harufu: plastiki, nywele,
na kitu kitamu ambacho hadi leo sijui jina lake.

Mshamu aliamka akashika kwanza simu.
Naandika hivi makusudi:
kwanza simu.
Halafu Saumu, mtoto wa miezi tisa.
Mimi nilijishika mwenyewe.

Tundu lililobaki godoroni lina upana wa kisahani cha chai,
kingo zake nyeusi, ngumu, kama ukoko wa wali.
Nililifunika kwa kanga. Sikuchagua,
ndiyo iliyokuwa kambani:
NILISEMA TARATIBU HUKUSIKIA.

Wiki ya pili wakatangaza redioni.
Zenka Saba zote zizimwe, zisichajiwe, zirudishwe,
kampuni inasikitika kwa usumbufu.
Usumbufu.
Neno hilo nililizungusha mdomoni siku nzima
kama kokwa ya ubuyu. Halikuwa na nyama.

Mtaa wa Aggrey foleni ilitoka hadi nje ya duka.
Baba mmoja kaleta ya kwake ndani ya sufuria ya mchanga,
kaibeba kwa mikono miwili
kama anapeleka futari kwa jirani.
Dada wa kaunta akadai risiti.
Sisi tulinunua kwa kijana chini ya mwavuli,
akatuandikia kwenye kipande cha boksi:
"Zenka 1, mali safi, Mungu akipenda."
Dada akamwita bosi. Bosi akakigeuza, akatazama nyuma,
mwisho akagonga muhuri, nadhani kwa huruma.

Fundi Lwitiko, ambaye meza yake iko pale kwenye kona,
akanivuta pembeni.
"Mama Saumu, hii ilikuwa na mimba siku nyingi.
Mgongo umevimba, kioo kimenyanyuka. Hamkuona?"
Niliona. Nilisema.
Mshamu aliifunga kwa mpira wa kufungia noti,
akasema itafika Idi.

Walimpa achague: fedha zake, au Zenka Nane.
Mimi fedha zile nilishazigawa kichwani,
godoro la inchi sita, deni la duka kwa Mangi,
zikabaki hata za viatu.
Akachukua Nane.

"Mtu hahami timu kwa sababu imefungwa,"
alisema tukivuka Msimbazi, boksi kwapani.
"Kila mashine ina siku yake mbaya.
Na kamera je? Umeiona kamera yake?"

Nimeiona. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya tundu letu.
Likatoka zuri, kila uzi, kila rangi ya moshi.
Akawatumia kaka zake wote.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka sabuni yangu.
Miaka kumi na moja nanunua ile ile ya mche
kwa sababu mama aliinunua,
na kila Jumamosi inanichubua vidole.
Halafu nikamkumbuka yeye mwenyewe, Mshamu.
Mara ngapi amevimba ndani ya nyumba hii,
kioo kikanyanyuka, joto nikalisikia kwa mkono,
nami nikatafuta mpira wa noti, nikafunga,
nikasema itafika Idi.
Hakuna redio iliyotangaza.

Sasa Nane inachajiwa jikoni,
sakafuni kwenye saruji, ndani ya sufuria ya wali,
na ndoo ya mchanga pembeni.
Wali tunapika kwenye ndogo.
Umeme ukirudi usiku tunaamka wote wawili:
yeye anainamia sufuria,
mimi namwinamia Saumu, nasikiliza pumzi.
Tunakutana koridoni, gizani bado, kwa mazoea.
"Iko salama," ananiambia.
Nami namjibu, "Yuko salama."
Tunarudi kulala, kila mtu upande wake,
na tundu katikati.